Mlezi wa Tangi la Tano

Mlezi akishapandikiza kirusi kwenye tangi lake, hapewi nafasi hata ya kunywa chai. Gari linakuwa limeshawashwa getini, begi lake limeshapakiwa, na mtu wa utawala anamsindikiza huku akimpa hongera na pole kwa mkupuo mmoja. Likizo. Akirudi, tangi limeshavunwa, limeoshwa kwa mvuke, linang'aa kama sufuria mpya, na kazi inaanza upya.

Kwa tangi lake la kwanza, Kemilembe aliondoka hivyo. Kwa la pili alipandikiza kirusi asubuhi, na gari lilipofika penye daraja la kwanza wakakuta mto umebeba daraja. Dereva akageuza. Ndiyo maana kesho yake Kemilembe alikuwa bado kiwandani, amekaa kantini mbele ya sahani ya wali, pale Semboja alipomwona.

"Dada Kemi! Hujaondoka?" Semboja alikuwa fundi wa pampu, mtu wa Handeni, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. "Leo utakula wali wetu mpaka mwisho. Ninyi watu wa Karagwe mkikosa ndizi siku moja mnafanya kama mmefiwa."

"Si wali," Kemilembe alisema. "Nimezoea kuamka na kwenda kumwimbia. Leo sijui niende wapi."

"Njoo basi chumba cha mitambo. Wenzangu wawili wamekwama huko huko darajani. Utanisaidia kutazama skrini."

Hakuna aliyefikiria kumkataza. Walezi hawakuwahi kubaki, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuandika sheria ya mlezi aliyebaki.

Chumba cha mitambo kilikuwa na joto na harufu ya mpira. Nyuma ya kioo, ukumbini, yalisimama matangi saba ya chuma, kila moja refu kuliko mtu, na ndani ya kila moja, kwenye maji ya moto kiasi cha mwili wa ng'ombe, ilining'inia tishu moja laini ya rangi ya maziwa. Zilitokana na seli chache za ndama ambaye hakuwahi kuzaliwa. Walezi waliyaita yale maji ya lishe uji. Pampu zilisukuma uji, zikasukuma oksijeni, zikaondoa taka, na tishu ikakua wiki baada ya wiki mpaka ikajaza wavu wake.

Chanjo za zamani zilikuzwa kwenye seli zilizotawanyika majini, kila moja peke yake. Kichaa cha mbweha, kile kinachoambukizwa kwa kung'atwa, kilipozuka, kirusi chake kilikataa seli za namna hiyo. Kilitaka neva, na neva zilizoshikana, zinazopeana habari. Neva nazo zilikuwa na masharti yake: zikikuzwa kimya, zilijisokota na kuoza. Zilihitaji mdundo wa kuzifuata, sauti moja, ileile, kila siku. Ndipo kiwanda kilipoanza kuajiri watoto wa wafugaji, waliokulia penye nyimbo za kukamulia.

"Tangi lako hili hapa," Semboja alisema akigonga skrini. "Na huu ndio ubovu ninaokuambia kila siku. Sensa, hiki kifaa cha kupima neva."

Kemilembe aliangalia. Mstari ulikuwa unapanda mara mbili haraka haraka, kisha unatulia. Unapanda mara mbili, unatulia.

Aliujua mstari ule. Kila asubuhi alipoingia na kuwasha kipaza sauti, kabla hajafungua kinywa, tishu ilifanya hivyo. Wataalamu waliuita wimbi la kusubiri. Walezi waliuita kuita.

"Tangu lini iko hivi?"

"Tangu jana mchana. Nimebadilisha sensa mbili." Semboja alijikuna shingo. "Wala si lako tu. Kila tangi likishapandikizwa, sensa inaleta mchezo huu, siku mbili, tatu, halafu inanyamaza. Nimeshaandika barua makao makuu watuletee za aina nyingine."

Kemilembe alinyoosha mkono kwenye swichi ya kipaza sauti. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli dogo la plastiki, kama zilivyofungwa swichi za matangi yote yaliyopandikizwa.

Alikaa pale. Mstari ukaendelea kupanda mara mbili na kutulia. Baadaye ukaanza kupanda kwa kukwama, kama mtu anayejaribu kusimama. Semboja alimtazama Kemilembe, akaitazama skrini, akamtazama tena, na taratibu uso wake ukabadilika. Hakusema tena neno kuhusu sensa.

*

Kemilembe aliporudi kazini baada ya likizo alipewa Tangi la Tano.

Alijaribu kuimba bila kupenda. Haikuwezekana. Wimbo wa baba yake hauna maneno mengi. Ni mguno unaopanda na kushuka, na mlio wa ulimi, na jina la ng'ombe. Baba aliuimba akiwa amechuchumaa, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, naye Kemilembe mdogo akiwa amemshika ndama shingoni asikimbilie chuchu. Mtu hawezi kuutoa mguno ule kwa hasira au kwa ubaridi, koo linakataa. Tishu ikakua vizuri. Ikawa kubwa kuliko zote ukumbini. Ilianza kuita akiwa bado anavaa viatu vya mpira mlangoni, na hakuna aliyejua ilimtambuaje.

Simu ya dada yake Adventina ilimkuta kwenye ngazi.

"Kemi, mdogo wangu. Asimwe ameng'atwa."

"Na nini?"

"Mbwa wa jirani. Alikuwa ameanza kuyumba, tukasema amekula sumu. Amemng'ata kisiginoni, kwenye bomba la shule. Nimeosha kwa sabuni, Kemi, nimeosha mpaka mtoto ananiambia mama, nyama itatoka." Adventina alivuta pumzi. "Mganga wa zahanati anasema dawa haipo, ila inatoka huko huko unakofanya kazi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ipo?"

Nyuma ya ukuta Tangi la Tano lilikuwa limebakiza siku chache kupandikizwa.

"Itakuwepo, dada."

"Basi Mungu ametuona," Adventina alisema, akaanza kulia kwa faraja. Asimwe akasikika akiuliza kama shangazi yake, maana ndivyo alivyozoea kumwita mama mdogo, atamletea begi la shule.

*

Daktari Kagaruki, mkuu wa uzalishaji, alikuwa mama wa makamo aliyevaa kandambili ofisini kwa sababu miguu ilimvimba. Alimsikiliza Kemilembe bila kumkatiza. Kemilembe hakuwa mtu wa kusema sana. Alisema huku akitazama ukingo wa meza.

"Tuipe dawa ya usingizi kwanza," alimaliza. "Ilale, halafu tupandikize."

"Tulijaribu kabla hujaja. Neva iliyolala kwa dawa inafunga milango yake yote. Kirusi hakiingii."

"Na ikiogopa?"

"Inafunga vilevile. Inafungua ikiwa macho na imetulia. Ndiyo maana unaimba, mwanangu. Ulidhani unaimba kwa ajili ya kuikuza tu?"

Ndivyo Kemilembe alivyodhani. Siku ya kupandikiza walimwambia aimbe kama kawaida mpaka mstari ulale, kisha abonyeze kitufe cha kijani, naye aliimba na kubonyeza, akidhani wimbo ni wa kuaga.

"Inaumia, daktari?"

"Sijui."

"Hujui au hutaki kuniambia?"

"Ningejua ningekuambia. Haina macho, haina tumbo, haina ngozi. Ina neva kama za ndama mdogo, na zimefundishwa kitu kimoja tu duniani." Daktari Kagaruki alisugua kifundo cha mguu. "Wewe ni binti wa mfugaji. Ndama akifa, baba yako alifanyaje ili ng'ombe ashushe maziwa?"

"Alimchuna ndama. Akaipaka ngozi chumvi, akaiweka mbele ya mama yake."

"Ng'ombe akailamba."

"Akailamba."

"Na maziwa yakashuka, mkayanywa. Hakuna aliyemwita baba yako mkatili. Mlikuwa na njaa."

"Yule ng'ombe hatukumuua, daktari."

Daktari Kagaruki alifumba macho. Alipoyafumbua alionekana amezeeka.

"Wilayani kwako pekee kuna watu wanaosubiri wamejaa vibarazani mwa zahanati. Ukitaka kuacha kazi, acha leo, sitakuzuia. Ila ujue Tangi la Tano halijui sauti nyingine. Ukiondoka, tunalimwaga."

"Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao."

"Najua. Niliona jina la kijiji chenu kwenye orodha." Akamwangalia kwa huruma ambayo Kemilembe alitamani isingekuwepo. "Pole sana."

*

Siku ya kupandikiza, Kemilembe aliingia ukumbini akiwa ameshaamua.

Angebonyeza kitufe. Hilo halikuwa na mjadala. Alikuwa ameuona usiku kucha uso wa Asimwe. Lakini asingeimba. Kifo angekipeleka, ila asingekipeleka akiwa amekivika sauti ambayo kile kiumbe kiliipenda. Alijiambia kwamba huo ndio ukweli mdogo aliobaki nao wa kukipa.

Kuhusu hasara, alipiga hesabu ya nyumbani. Daktari alisema ikiogopa inafunga, lakini alijiambia kwamba kusubiri si kuogopa. Ng'ombe akikamuliwa bila wimbo anapunguza kidogo, hanyimi kabisa. Baba yake akiwa na mafua walikosa kikombe kimoja, pengine viwili, kwenye kibuyu kizima. Kikombe kimoja kingevumilika. Ilikuwa hesabu ya mtu aliyelelewa zizini, na hakumwonyesha mtu yeyote.

Skrini ikaanza kupanda mara mbili. Ikatulia, ikisubiri.

Kemilembe aliweka kiganja juu ya kipaza sauti. Ikaita tena. Ikaita tena. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Semboja alisimama, akainua mikono kama anayeuliza: mbona kimya? Kemilembe akatikisa kichwa, akabonyeza kitufe cha kijani.

Kioevu chenye kirusi kilikuwa kidogo sana, hakijai kifuniko cha soda. Kikaingia. Mstari ulikuwa bado juu, bado macho, bado unaita.

Gari lilikuwa limewashwa getini.

*

Nyumbani kwa dada yake alipokewa kama mtu aliyerudi na mahari. Adventina alichinja kuku. Asimwe alitembea kwa ncha ya mguu mmoja, akamwonyesha kila mgeni kisigino chake, akieleza jinsi mbwa alivyokuja, kila mara mbwa akiwa mkubwa zaidi.

"Jana alikuwa kama mbuzi," Kemilembe alimtania. "Leo amefikia ndama?"

"Shangazi, wewe hukumwona!"

"Haya, nisimulie tena."

Majirani walikuja na ndizi na shukrani. Mzee mmoja aliyeng'atwa mkono alimwambia, "Binti yetu, mikono yako ibarikiwe," na Kemilembe akaificha mikono chini ya kitenge.

Semboja alipiga simu wakati Kemilembe anamsaidia dada yake kumenya ndizi.

"Dada Kemi, rudi." Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua mpaka karibu isisikike. "Tangi lako halifi."

"Unasemaje?"

"Kirusi kinatembea, lakini kinajivuta. Kila seli inapigania mlango wake. Mengine kufikia leo huwa yamenyamaza na yamejaa kirusi, tunavuna. Hili limekufa upande mmoja, na upande wa pili linaita. Mchana na usiku linaita. Mimi nimeweka nguo juu ya skrini, dada, nashindwa kufanya kazi."

Adventina aliinua macho kwenye ndizi. "Kuna tatizo?"

"Wananihitaji," Kemilembe alisema. Hapo angalau hakudanganya.

*

"Uliimba?" Daktari Kagaruki aliuliza.

"Hapana. Nilidhani itapunguza kikombe tu, kama ng'ombe."

Kemilembe alikuwa amejiandaa kupokea ukali. Daktari alikaa tu chini, kwenye ngazi ya chuma ya ukumbini, kandambili moja ikamtoka mguuni, hakuirudisha.

"Tutapata robo," alisema hatimaye. "Labda hata robo isifike. Waliong'atwa usoni watapewa kwanza. Shingoni, mikononi. Kichwa kiko karibu, kirusi hakichelewi. Wa miguuni watasubiri tangi lingine."

"Asimwe ni kisigino."

"Ndiyo."

"Anaweza kusubiri?"

"Kisiginoni kirusi kinaweza kuchukua miezi kufika. Kinaweza pia kisichukue. Dalili zikianza, chanjo haina kazi tena, unajua." Aliongea bila kumlaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. "Kwa nini hukuniuliza, Kemilembe? Ungeniuliza tu. Ningekuambia hii si ng'ombe wa kupunguza kikombe. Nilikuambia: ikiogopa, inafunga."

"Sikutaka kuidanganya."

"Haya. Hukuidanganya."

Nyuma yao pampu zilisukuma uji. Kemilembe aliomba kitu kimoja: kufuli la kipaza sauti lifunguliwe. Alieleza haraka, akijikwaa, kwamba tishu ikitulia itafungua seli zilizobaki, kirusi kitamaliza upesi, na dozi chache zinaweza kuongezeka. Hakueleza sababu nyingine. Daktari Kagaruki alimwita Semboja, akamwambia akate plastiki.

Semboja aliondoa nguo kwenye skrini. Mstari ulikuwa umechakaa, lakini umbo lilikuwa lilelile: mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya.

Kemilembe akainamisha paji la uso kwenye chuma chenye joto cha tangi, akaimba.

Aliimba mguno wote, na mlio wa ulimi, na jina alilokuwa amelipa tishu ile kinyume cha taratibu, jina la ng'ombe wa baba yake aliyekuwa mweupe na mwenye pembe pana. Akamaliza, akaanza tena. Semboja alisimama mbele ya skrini, mgongo wake umemkingia.

"Imetulia?" Kemilembe aliuliza.

Semboja alisogea karibu zaidi na skrini.

"Kaka Semboja. Imetulia?"

"Bado, dada. Imba tu."

Akaimba mpaka koo likauka. Daktari Kagaruki akaja, akagusa skrini, akafungua ramani ya tishu, ile inayoonyesha kwa rangi upande ulio hai na ulio mfu. Aliitazama kwa muda, kisha akaweka mkono kwenye bega la Kemilembe.

"Acha sasa, mwanangu. Upande uliokufa kwanza ndio uliokuwa unasikia. Uliobaki ni wa kuita tu."

Kemilembe hakuacha mara moja. Aliendelea kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu hakujua jinsi nyingine ya kuondoka pale.

*

Dozi zilisafirishwa. Mzee aliyembariki mikono alipata. Mtoto mmoja wa kijiji cha pili, aliyeng'atwa mguuni kama Asimwe, alianza kuogopa maji kabla tangi jipya halijapata hata wavu, na akafa mikononi mwa mama yake. Adventina alimjua yule mama. Walisali pamoja.

"Mganga anasema mgao ulikuwa mdogo safari hii," Adventina alisema kwenye simu. "Kwani kulitokea nini huko?"

Kemilembe alikuwa amelipanga jibu. Alikuwa amepanga kusema, dada, ni mimi. Alifungua kinywa, akasikia nyuma ya simu Asimwe anahesabu kamba anazoruka, kwa mguu mmoja.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nilifanya kazi yangu vibaya."

Kamba iliendelea kugonga ardhi.

"Utaifanya tena?" Adventina aliuliza. Hakuuliza vibaya kivipi, wala kwa nini.

"Nimeshaianza."

"Basi safari hii ifanye vizuri, Kemi. Kwa namna yoyote wanayotaka. Unanisikia? Kwa namna yoyote." Akakata bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wazaliwe.

Tishu mpya ilikuwa ndogo kama ukucha wa mtoto, imeshikilia kona ya wavu. Daktari Kagaruki alikuwa amemwuliza kama anataka tangi lipewe mtu mwingine. Kemilembe alikataa, mlezi mpya angehitaji wiki za kujifunza, na kisigino cha Asimwe hakikuwa na wiki za kutoa. Aliimba asubuhi, mchana na jioni. Aliimba akiwa anajua kila mguno ni wa nini. Siku nyingi skrini haikuonyesha kitu ila mtetemo usio na mpangilio, na moyoni mwake kulikuwa na sehemu iliyoanza kuomba kwamba hii isikue, isimjue, ibaki nyama tu. Na sehemu nyingine iliyoomba, kwa Mungu yuleyule, ikue upesi.

Asubuhi moja alikuwa anainama kufuta vumbi kwenye kioo cha skrini. Mstari ukapanda. Ukashuka, ukapanda tena, kwa kusitasita, kama mtoto anayejaribu neno. Kisha ukatulia, ukamsubiri.

Kemilembe alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, cha furaha tupu, na huko nyuma ya kioo Semboja naye akaanza kutabasamu, mpaka alipomwona ameziba mdomo kwa mikono miwili.